Trekta za Karanga na Kioo cha Inchi 24

Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni, na haina treni. Kuna mahali panaitwa Farm 17, na hakuna anayeuliza Farm 16 iko wapi. Majina haya tuliachiwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa kishindo na kufutwa kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajaanza shule. Mimi naishi Nambambo, kata nyingine ya wilaya hii hii, na kwa wiki kadhaa mwaka huu nilikuwa na shida ndogo kabisa ukiilinganisha na za wale mabwana: nilitaka kununua monita ya kompyuta. Lakini kila nilipokaribia kutuma pesa, historia ya hapa ilinivuta shati. Sehemu hii imeshaletewa mashine nyingi zilizochaguliwa na watu ambao hawakuuliza zinakwenda wapi.

Nieleze shida yenyewe. Mchana natafsiri video na kuziwekea maandishi ya Kiswahili chini: mafunzo ya kilimo, ya afya, mara chache filamu fupi. Jioni, umeme ukiwepo, nacheza mpira kwenye kompyuta hiyo hiyo, mechi mbili tatu, basi. Kompyuta ni Dell OptiPlex ya mtumba, zile zinazomaliza utumishi wake katika ofisi za ng'ambo, zikafika Kariakoo, na kutoka hapo zikapanda basi kuja huku. Haina kadi ya grafiki ya ziada. Monita niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 19, ya umbo la karibu mraba. Ilianza na mstari mmoja wa kijani, ukaja wa pili, mwisho nusu nzima ikawa nyeupe kama sanda. Fundi aliitazama akasema, "Kaka, hapa kimekufa kioo. Ukinunua kioo peke yake, afadhali ununue monita nzima."

Nilikuwa na laki mbili na nusu. Nikampigia muuzaji mmoja wa Kariakoo, kijana mchangamfu, naye hakuchelewa: "Bosi, chukua ya inchi 27, hezi 144. Hiyo ndiyo ya magemu, hutajuta." Akanituma picha nane, zote zikionyesha monita inang'aa rangi za zambarau katika chumba chenye giza. Picha zilikuwa nzuri. Ndipo nikakumbuka kwamba mradi wa karanga nao ulianza kwa picha nzuri.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, mtu aliyekuwa amefanya kazi ya kilimo Tanganyika. Ujumbe ule ulikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka kwenye ndege. Waliporudi walikuwa na hesabu safi: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Maeneo matatu ya Tanganyika yalichaguliwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa zaidi ya ndoto ile ilipangiwa huku kusini.

Trekta mpya hazikupatikana, kwa hiyo wakanunua mtumba. Nyingi zilitoka kwenye mabaki ya jeshi la Marekani nchini Ufilipino, zikiwa zimelala kwenye mvua na chumvi ya bahari tangu vita viishe. Zilifika kwa meli, zikaingia porini, na muda si mrefu nyingi zikawa zimekufa, huku vipuri vikiwa bahari mbili mbali. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikavigeuza kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Kule Kongwa udongo ulikuwa na mfinyanzi unaokauka kiangazi ukawa kama saruji. Majembe yakalika, na karanga zilizokwisha kukomaa hazikung'oka. Mibuyu na mizizi ya msitu ilikuwa na maoni yake. Januari 1951 mradi ukafutwa, na walipa kodi wa Uingereza wakabeba hasara ya zaidi ya pauni milioni 36.

Nachingwea ilikuwa na udongo wenye nafuu kuliko Kongwa, lakini ilikosa njia. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kubeba karanga zetu, ilifunguliwa mwaka 1954, mradi ukiwa umeshakufa. Reli iliyojengwa kwa gharama kubwa ilipitisha mizigo michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Kata ya Stesheni ikabaki na jina.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, na kweli inachekesha. Lakini mimi naisoma kama somo la ununuzi. Trekta hazikuwa mbaya kwa asili yake. Nyingine zilikuwa zimeshinda vita. Kosa lilikuwa kuanza na uwezo wa mashine na kumalizia na udongo. Mashine iliulizwa ina nguvu farasi ngapi. Udongo haukuulizwa chochote.

Na mabaki ya uteuzi mbaya yanaweza kuwa na maisha mema mikononi mwa mtu mwingine. Shamba namba 17 lilikuja kuwa kambi ya FRELIMO katika miaka ya 1960. Samora Machel aliwafundisha hapo wapiganaji waliovuka Ruvuma kwenda kuikomboa Msumbiji, iliyopata uhuru Juni 1975. Wale walijua wanataka nini na mahali pale: pawe mbali na macho, pawe karibu na mpaka, pawe na ardhi ya kulima chakula chao. Eneo lile lile lililoshindwa kuipa Uingereza mafuta ya karanga lilifaa kwa kazi nyingine kwa sababu safari hii kazi ililingana na mahali.

Hayo ni ya trekta. Vioo navyo vina historia yake nchini, na haitofautiani sana.

Kioo cha kwanza cha picha zinazotembea ambacho wanakijiji wengi wa Tanganyika walikiona hakikuwa kioo, kilikuwa kitambaa cheupe. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori lililobeba projekta na mashine ya umeme. Zilikuwa filamu za mafunzo: kilimo bora, afya, kuweka akiba posta. Waandaaji walitaka kuelimisha. Watu walikuja pia kufurahi. Mvutano huo kati ya kazi na burudani mbele ya kioo kimoja haujaisha hadi leo. Kila anayetafuta monita ya "kazi na gemu kidogo" anao kichwani.

Kisha ikaja kompyuta. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Tusidhani ilikuwa na monita mezani kama tunavyoona sasa. Mashine za enzi zile zililishwa kadi zilizotobolewa na zilijibu kwa karatasi iliyochapwa. Mtu hakuitazama kompyuta usoni, alisubiri barua yake. Kufikia 1974 kompyuta nchini zilikuwa saba. Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine, na jaribio likaanguka vibaya: wataalamu wa ndani walikuwa wachache mno, hesabu zikavurugika, ikabidi kurudi nyuma. Mwaka huo wa 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nazo zikawekwa katika kapu hilo hilo.

Vijana wa rika langu wakisikia habari hii huguna. Lakini tukae kwanza kwenye kiti cha aliyetia saini. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa mwaka uliotangulia. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha nchi kununua nafaka nje. Fedha za kigeni zilihesabiwa kama maji kwenye kata. Katika hali ile, kusema kwamba runinga ni anasa na kompyuta isubiri hakukuwa upumbavu. Ila amri ya namna ile ina upofu mmoja: haitofautishi mashine isiyofaa na mashine iliyochaguliwa vibaya. Wizara iliumwa na ununuzi mmoja, na nchi nzima ikazuiwa kununua.

Cha ajabu, ng'ambo ya mkondo wa bahari mambo yalikuwa kinyume. Zanzibar ilianzisha televisheni yake katika mwaka 1973, tena ya rangi, ikitajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Jamhuri moja, vioo viwili: upande mmoja rangi, upande mwingine marufuku. Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata mwaka 2000.

Katikati ya marufuku na ITV kulikuwa na mlango wa nyuma. Kuanzia 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi, na chini ya Mzee Mwinyi mlango ule ukawa lango. Zikaingia deki za video na runinga, zile tulizokuja kuziita TV za chogo kwa sababu ya kisogo chao kirefu. Hapo ndipo vikazaliwa vibanda vya video, na watu wakaviita kwa jina linalosema ukweli: vibanda umiza. Mabenchi yaliumiza, joto liliumiza, na kioo cha inchi 21 kilichotazamwa na watu hamsini kiliumiza macho ya waliokaa nyuma. Filamu zilikuwa za Kichina, Kihindi na Kimarekani, na lugha haikuwa kikwazo, kwa sababu walikuwepo watafsiri wa sauti. Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, alijijengea jina kwa kuzisimulia filamu za watu kwa Kiswahili chake, akiongeza chumvi pale filamu ilipopooza.

Namtaja Lufufu kwa heshima, kwa sababu kazi yangu ni mjukuu wa kazi yake. Yeye alijaza sauti. Mimi naweka herufi. Na herufi ndogo nyeupe chini ya picha inayotembea ni mtihani mgumu kwa kioo chochote.

Kuhusu gemu, kuna watu watasema huyu anatafuta monita ya kazi, mambo ya kucheza ayaache. Historia haiwaungi mkono. Michezo ya kompyuta haikuja baadaye kuvamia vioo vya kazi. Ilizaliwa juu yake. Mwaka 1958 William Higinbotham, mwanafizikia wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani, alitumia kioo cha oskiloskopu, chombo cha kupimia mawimbi ya umeme, kutengeneza mchezo wa tenisi ili wageni wa maabara wasichoke. Mwaka 1962 wanafunzi na watafiti wa MIT walikamilisha Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya angani, kwenye kompyuta ya PDP-1 yenye kioo cha duara. Na Microsoft walipoweka mchezo wa karata wa Solitaire ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, watu wengi walijifunzia hapo kubofya na kuburuta kwa kipanya. Aliyewahi kuingia ofisi ya umma miaka ile kompyuta zilipoanza kuenea anajua: karata zilikuwa mezani kabla ya mafaili.

Kwa hiyo niliikataa hoja ya anasa. Mtu anayefanya kazi nyumbani Nambambo, mbali na wenzake wa fani, anahitaji jambo la kumfanya asikichukie kioo chake. Mechi mbili za jioni ni sehemu ya udongo. Nazo nikaziweka kwenye hesabu. Lakini niliziweka kwa kipimo chake, na hapo ndipo ile monita ya hezi 144 ilipoanza kupoteza mvuto.

Hezi ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde. Kioo cha hezi 60 hukaa na picha moja kwa karibu milisekunde 17. Cha hezi 144 kwa karibu milisekunde 7. Tofauti hiyo huonekana, hasa katika michezo ya kasi. Ila kioo hakitengenezi picha, kinapokea. Kompyuta yangu, nikiishusha mipangilio ya mchezo, inatoa picha 40 hadi 60 kwa sekunde. Kuiletea kioo cha 144 ni kumpa mtu sufuria ya ubwabwa wa harusi naye ana mchele wa kibaba. Hii ndiyo trekta ya Ufilipino: nguvu iliyonunuliwa pasipo mahali pa kuitumia.

Kisha ukubwa. Inchi 27 zinavutia machoni, lakini monita za bei yangu zenye ukubwa huo zina nukta 1920 kwa 1080, sawa na za inchi 24. Nukta zile zile zikitandazwa kwenye uwanja mkubwa zinaachana: karibu nukta 82 kwa inchi, dhidi ya 92 kwenye inchi 24. Ile iliyonifia, ndogo na ya kizamani, ilikuwa na kama 86. Yaani ningelipa zaidi ili herufi zangu ziwe na kingo mbaya kuliko zamani. Kwa anayekaa mbali akitazama filamu si neno. Kwa anayekagua nukta na mkato chini ya picha saa sita kwa siku, ni maumivu ya kichwa ya kujinunulia.

Kuhusu aina ya kioo, majina hukanganya, lakini mambo ni matatu. TN ndiyo ya zamani na rahisi. Ina kasi, ila ukiinamisha kichwa rangi zinageuka, uso wa mtu mweusi unakuwa wa kijivu. VA ina weusi mzito, inapendeza kwa filamu za usiku, ingawa nyingi huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokwenda kasi. IPS, iliyotoka mikononi mwa Hitachi katika miaka ya 1990, hushikilia rangi hata ukiitazama kwa pembeni. Mimi nataka ngozi ya mkulima kwenye video ionekane kama ilivyo, na nataka mtu aliyeketi pembeni yangu aone ninachoona. IPS ikashinda.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja na ambalo ndilo lililoamua. Video nyingi ninazofanyia kazi zina picha 25 kwa sekunde, kipimo cha televisheni za huku kwetu na Ulaya. Ukigawa 60 kwa 25 unapata 2.4, picha nyingine itakaa mara mbili na nyingine mara tatu, na kamera ikitembea taratibu utaona video inakwaruza. Lakini 75 kwa 25 ni tatu kamili. Kioo cha hezi 75 kinaipa kila picha haki sawa, na bado kinaniongezea ulaini kidogo kwenye mpira. Namba isiyo na sifa dukani ilikuwa ndiyo namba yangu.

Udongo mwingine ni umeme. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, na anayeishi huku amejifunza kusoma taa: zikififia, hifadhi faili. Monita bapa ya inchi 24 hula wati 20 na kitu, jambo la maana kwa anayetegemea betri dakika za mwisho. Nikatafuta pia yenye adapta ya nje badala ya umeme kuingia moja kwa moja mgongoni. Volti zikipiga, adapta huwa ya kwanza kufa, na adapta fundi wa hapa anaweza kuipata kwa siku chache. Saketi ya ndani ya monita ingekuwa safari ya Dar es Salaam. Waingereza walijua kuhusu vipuri baada ya trekta kusimama. Mimi nilitaka kujua kabla.

Mengine yalikuwa madogo. Uso wa kioo uwe wa kufifiza mwanga, maana dirisha langu linatazama uwanja wa mchanga na jua la Nachingwea halina adabu. Tundu la DisplayPort liwepo, kwa kuwa kompyuta yangu inalo, nami sikutaka kurudi kwenye waya wa VGA unaozifanya herufi zionekane kama zimelowa. Na kwa kuwa nilikuwa nanunua mtumba, nikamwomba muuzaji anitumie video badala ya picha: kioo cheupe kitupu, kisha chekundu, kisha cheusi na taa zikiwa zimezimwa. Nukta zilizokufa hujionyesha kwenye cheupe. Mwanga unaovuja pembeni hujionyesha kwenye cheusi.

"Bosi, wewe unanunua monita au unaoa?" akauliza.

"Naoa," nikamwambia. "Nataka kumwona bila poda."

Alicheka, akazituma. Ya kwanza ilikuwa na doa la njano kwenye kona. Ya pili ilikuwa safi. Tukakubaliana laki mbili na ishirini, nikaongeza nauli ya mzigo, na baada ya siku mbili nikaipokea stendi ikiwa imefungwa kwa blanketi kuukuu na maboksi mawili yaliyopasuliwa.

Msimu wa korosho ulipofunguliwa ndipo nilipoona matumizi mengine. Kwa miaka mingi korosho za ukanda wetu, chini ya chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ziliuzwa kwa zabuni za karatasi: wanunuzi walitumbukiza barua kwenye sanduku, zikafunguliwa mbele ya wakulima na kusomwa kwa sauti. Tangu msimu wa 2024/25 mnada unafanyika kwa mtandao, kupitia soko la bidhaa la TMX. Mkulima amehamishwa kutoka kusikia bei hadi kuitazama. Ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana, na kwa mara nyingine mashine imechaguliwa mbali na shamba. Safari hii naona inaelekea kufaa, lakini kufaa kwake kutategemea jambo dogo: kama mwenye korosho anaweza kuisoma.

Mama yangu mdogo ana mikorosho upande wa Ruangwa. Siku ya mnada alipita kwangu akiwa na simu mkononi. Matokeo yalikuwa yametumwa kwenye kundi la WhatsApp la chama chao: picha ya jedwali refu, ghala, tani, bei ya juu, bei ya chini, kila kitu kwa namba ndogo kama mbegu za ufuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa, hawa watoto wa chama wananisomea haraka haraka."

Nikaihamishia ile picha kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka jedwali likajaa kioo. Akasogeza kiti, akakaa pembeni, si mbele, akaanza kufuata mistari kwa kidole bila kugusa. Alifika kwenye ghala lao, akasoma tani, akasoma bei, akanyamaza akipiga hesabu.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Nimeambiwa nyingine."

Akaniomba karatasi na kalamu. Alinakili namba zile mwenyewe, moja baada ya moja, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akauliza kama chama kinafungwa saa ngapi.